Bambo Ndani ya Gunia: Niliyoyapata kwa Kuzipima Timu kwa Hesabu

Mimi ni karani wa ghala la nafaka mjini Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambayo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Kenya. Lori likiingia na mahindi, huchukua bambo, nikalichoma gunia ubavuni, nikazipokea punje kiganjani na kuzitia kwenye kipimo cha unyevu. Zikizidi asilimia 13.5 tunamwambia mwenye mzigo akaanike upya. Karani mgeni huchoma magunia ya juu na kutosheka. Aliyekwisha kuumwa huchoma la juu, la kati na la chini kabisa, kwa kuwa wapo wafanyabiashara wanaojua vizuri mahali karani mvivu anapopenda kuchoma. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili, na hata hivyo nilipoanza kubashiri mechi za mpira kwa kufuata takwimu nilichoma magunia ya juu peke yake kwa muda mrefu, tena kwa fedha yangu mwenyewe.

Nilianza kama walivyoanza wengi hapa mpakani, katika kibanda cha Hajji cha kuonyeshea mpira, ambapo kiingilio ni shilingi 1,000 na viti vya mbele huwahiwa na waliokwisha kula mapema. Hajji mwenyewe habashiri, kwa sababu dini yake haimruhusu, na ukutani ameandika kwa rangi nyekundu kwamba asiyefikisha miaka 25 asijadili mikeka, yaani madau ya mechi kadhaa kwa pamoja, humo ndani, ingawa sheria ya mwaka 2016 inamkataza kijana huyo kubashiri tu, wala haikumkataza kuzungumza. Wenzangu walikuwa wakichagua timu kwa mapenzi au kwa ndoto. Mimi nilijiona mtu wa namba, kwa kuwa kazi yangu ni ya namba, na nilitembea na daftari la kurasa mia moja ambalo kila timu ilikuwa na ukurasa wake: michezo mitano ya mwisho, magoli iliyofunga, magoli iliyoruhusu. Watu waliliheshimu daftari lile kuliko lilivyostahili.

Kipigo cha kwanza kilichonifundisha jambo kilitoka Dar es Salaam, Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019. Timu yetu ya taifa, Cranes, ilikuwa imekwisha kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Misri mwaka huo, na ilibakiwa na mechi moja ya kundi dhidi ya Taifa Stars ya Tanzania. Ukurasa wa Cranes kwenye daftari langu ulikuwa unang'aa: mechi tano, magoli saba ya kufunga, magoli sifuri ya kufungwa. Sijawahi kuandika ukurasa mwingine wenye sifuri tano mfululizo. Nilichukua shilingi 60,000, ambazo mimi na shemeji yangu tulikuwa tumezitenga kununua turubai mbili za kuanikia mahindi, nikazigawa mara mbili. Nusu niliweka kwamba Cranes hawatapoteza, na nusu nyingine kwamba magoli hayatafika matatu. Mechi iliisha 3–0. Simon Msuva alifunga, Erasto Nyoni akafunga kwa penalti, Aggrey Morris akamalizia, na madau yangu yote mawili yakafa kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi kulipanga hata mtu akikusudia.

Kesho yake alikuja ghalani mzee mmoja aliyestaafu kufundisha hesabu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, akiwa na magunia sita ya mahindi juu ya mkokoteni. Aliniona nimenuna, akauliza, nami nikamsimulia huku nikimwonyesha ukurasa wa sifuri tano. Aliutazama, kisha akalitazama bambo nililoshika.

"Mwanangu," akasema, "haya mahindi yangu utayachoma gunia moja?"

"Hapana, Mwalimu. Nitayachoma yote sita."

"Basi hizo mechi zako tano, umezichoma wapi?"

Tulikaa kwenye ukingo wa mizani, tukazichambua moja baada ya nyingine, na aibu yangu ikaongezeka kwa kila mechi. Ya kwanza, ile ya Cape Verde ugenini, ilichezwa Juni 2017, karibu miaka miwili kabla. Mimi nilikuwa nimeiandika kama "mechi ya hivi karibuni" kwa sababu tu kwenye orodha ya kundi ilikuwa miongoni mwa tano. Kati ya magoli saba, matano yalipatikana katika mechi mbili dhidi ya Lesotho, zilizochezwa mwezi mmoja wa Oktoba 2018. Nikiziondoa hizo mbili zinabaki mechi tatu zenye jumla ya magoli mawili, nazo ni ushindi wa 1–0 mara mbili dhidi ya Cape Verde na sare ya bila kufungana dhidi ya Tanzania hiyo hiyo, hapo kwetu kwenye uwanja wa Namboole. Hiyo ni timu ngumu kufungwa, kweli, lakini ni timu inayoshinda kwa unywele, na mtu anayeshinda kwa unywele akilegea kidogo hupoteza.

Upande wa pili sikuwa nimeuchoma kabisa. Niliijumlisha Tanzania yote kwa pamoja na kuona timu dhaifu iliyopata pointi tano katika mechi tano. Mwalimu alinitaka nitenganishe nyumbani na ugenini. Ugenini walikuwa wamefungwa 3–0 na Cape Verde na 1–0 na Lesotho, na sare moja waliipata kwetu. Nyumbani walitoka sare ya 1–1 na Lesotho, kisha wakaifunga Cape Verde 2–0. Ndani ya uwanja wao hawakuwa wamepoteza hata mara moja, nami nilikuwa nawapima kwa vipigo walivyovipata Praia na Maseru.

Kisha akaniuliza swali ambalo halimo kwenye daftari lolote: nani alikuwa na haja na mechi ile? Cranes walikwisha kufuzu tangu Novemba, walipoifunga Cape Verde kwa bao la Patrick Kaddu, na matokeo ya Dar es Salaam yasingewaongezea wala kuwapunguzia kitu cha maana. Tanzania walikuwa hawajaingia fainali hizo tangu mwaka 1980, walihitaji ushindi na walihitaji Lesotho isishinde kule kwingine. Miaka thelathini na tisa ya njaa dhidi ya watu waliokwisha shiba. Sifuri zangu tano zilipatikana wakati Cranes nao walikuwa na njaa. Nilizibeba hadi kwenye mechi ambayo njaa hiyo haikuwapo, nikadhani ni sifuri zile zile.

Tangu siku hiyo Mwalimu akawa anapita ghalani Jumamosi asubuhi, na daftari langu likabadilika. Kila timu ikapata kurasa mbili, wa nyumbani na wa ugenini. Nikaongeza safu ya tarehe, na safu ya nafasi ya mpinzani kwenye msimamo. Ile desturi ya mechi tano nikaiacha, kwa kuwa tano ni chache mno. Mpira ni mchezo wa magoli machache, na katika mechi tano gonga la mwamba mara mbili na penalti moja vinatosha kuifanya timu ya kawaida ionekane ya ajabu. Nilianza kuangalia mechi kumi, kumi na tano, nikijua pia kwamba nikirudi nyuma sana nakuta kocha mwingine na wachezaji wengine, kwa hiyo namba inakuwa kubwa lakini ni ya timu isiyokuwapo tena. Mpaka leo sijapata idadi iliyo sahihi, na mtu anayesema ameipata huwa namwangalia kwa shaka.

Jambo la pili tulilolifanya lilikuwa la kichekesho kidogo, lakini lilinisaidia kuliko mengi. Ilikuwa Jumapili, kwenye uwanja wa shule, timu mbili za wilaya zikicheza, na sisi wawili tukakaa chini ya mwembe kila mtu na karatasi yake tukihesabu mashuti ya timu ya mwenyeji. Kanuni ilikuwa tusitazamane. Mwishoni mimi nilikuwa na mashuti 17, Mwalimu alikuwa na 11. Tukaanza kubishana. Krosi iliyopotea njia ikagonga nguzo, ni shuti? Mimi niliihesabu, yeye hakuihesabu. Mpira uliopigwa na kumgonga beki kabla haujaondoka hata hatua mbili? Kichwa kilichodondoka mikononi mwa kipa kama mtu anayepokea chenji? Tulitazama mchezo mmoja kwa macho manne tukatofautiana kwa mashuti sita. Nilikuwa nimezoea kuzipokea namba za mtandaoni kama kwamba zimetoka kwenye mizani, kumbe kuna watu wamekaa mahali wanaamua. Kampuni kubwa za takwimu za mpira kama Opta zina ufafanuzi ulioandikwa wa kila tukio na watu waliofunzwa kuufuata, ndiyo maana takwimu za Ligi Kuu ya Uingereza zinalinganishika kutoka wiki moja hadi nyingine. Lakini tangu siku ile ya mwembe sijawahi kuchukua idadi ya mashuti kutoka chanzo kimoja na kuilinganisha na idadi ya timu nyingine kutoka chanzo kingine. Kwa ligi ndogo ambazo hesabu zake hazijulikani zimefanywa na nani, huwa naangalia magoli na tarehe tu.

Mashuti yenyewe yalikuja kuniadhibu Januari 2021, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mechi hiyo ndiyo ninayoirudia kila mtu anaponiuliza kuhusu takwimu. Uchaguzi wetu ulifanyika tarehe 14 mwezi huo, na mtandao wa intaneti ukazimwa nchini kote tangu usiku wa kuamkia siku hiyo hadi tarehe 18. Baadhi ya majirani zangu wenye laini za Kenya walisogea karibu na mpaka wakaushika mtandao wa ng'ambo. Mimi sikuwa nayo. Mtandao uliporudi nilikuwa na kiu ya siku tano, na mechi ya kwanza kubwa niliyoiona mbele yangu ilikuwa Liverpool dhidi ya Burnley, Anfield, Alhamisi ya tarehe 21.

Daftari lilisema hivi: Liverpool ni mabingwa watetezi, na hawajapoteza mechi ya ligi nyumbani tangu Aprili 2017, mechi 68. Nilikuwa nimejifunza kutenganisha nyumbani na ugenini, na sasa nyumbani palikuwa pamenipa mechi 68, si tano. Nilijiona nimechoma ghala zima. Niliweka dau kwamba Liverpool watashinda kwa zaidi ya bao moja. Mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu, amri ya kutotoka nje ikiwa imekwisha kuanza, kibanda cha Hajji kimefungwa, nami niko kitandani na redio ndogo sikioni ili mke wangu asiamke. Liverpool walipiga mashuti 27. Hakuna lililoingia. Dakika ya 83 Burnley wakapata penalti, Ashley Barnes akaifunga, ikawa 1–0, na ile historia ya mechi 68 ikafika mwisho mimi nikiwa na dau juu yake.

Baada ya hapo nilifanya kosa baya kuliko la kwanza. Nilijiambia kwamba timu iliyopiga mashuti 27 ilikuwa na bahati mbaya tu, kwa hiyo mechi inayofuata nyumbani lazima walipize, nikaweka tena. Brighton wakawafunga 1–0. Hapo niliacha kuweka, lakini sikuacha kutazama, na Liverpool wakapoteza nyumbani mara sita mfululizo, hadi tarehe 7 Machi walipofungwa na Fulham, timu iliyoshuka daraja mwisho wa msimu huo huo. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya klabu hiyo.

Nilipotulia nilikuta kwamba dalili zote zilikuwepo mezani. Virgil van Dijk aliumia Oktoba katika mechi na Everton, Joe Gomez akaumia Novemba, na kocha akawa anawarudisha viungo wake, Fabinho na Jordan Henderson, kucheza nafasi ya beki wa kati. Mimi nilidhani pengo la beki huonekana kwenye magoli ya kuruhusu. Kumbe viungo wakivutwa nyuma, ni mbele ndiko kunakonyauka, kwa kuwa waliokuwa wakinyang'anya mpira kwenye nusu ya mpinzani hawapo tena, na washambuliaji wanaupokea wakati mabeki wamekwisha kujipanga. Kabla ya mechi ya Burnley walikuwa wamecheza mechi tatu za ligi bila bao, dhidi ya Newcastle, Southampton na Manchester United. Ile ya Manchester United ilichezwa tarehe 17, wakati mtandao wetu umezimwa, nami niliiandika daftarini kwa haraka kama "sare, mpinzani mkubwa" nikaipita. Mashuti 27 yalikuwa mengi kwa sababu ya kukosa njia: mtu anayefika mbele ya ukuta hupiga kutoka mbali, hupiga kwenye miguu ya watu, na kila pigo linaandikwa.

Kisha kulikuwa na jambo la mashabiki. Rekodi ya mechi 68 ilijengwa sehemu kubwa mbele ya uwanja uliojaa, na Januari ile Anfield ilikuwa tupu kwa sababu ya korona. Msimu wa 2020–21 wa Ligi Kuu ya Uingereza uliisha na ushindi 144 wa wenyeji dhidi ya 153 wa wageni, na ulikuwa msimu wa kwanza katika historia ya daraja la juu la nchi hiyo wageni kushinda zaidi ya wenyeji. Ukurasa wangu wa "nyumbani" ulikuwa na jina lile lile na uwanja ule ule, lakini kilichokuwa kikipimwa kilikuwa kimeondoka. Ni kama kupima unyevu wa mahindi ya msimu wa kiangazi na kuyanunua ya masika kwa kipimo hicho.

Kuhusu ubora wa mashuti, hapo ndipo nilipoanza kuzifuata takwimu za magoli yanayotarajiwa, ambazo vijana wa kibandani huzitaja kwa herufi mbili, xG, bila kuzielewa sana, kama nilivyokuwa mimi. Wazo lake ni jepesi. Kila shuti hupewa uzito kulingana na mara ngapi mashuti ya aina hiyo, kutoka mahali hapo na katika hali hiyo, yamewahi kuwa goli. Penalti ina uzito wa karibu robo tatu ya goli, kwa sababu katika penalti nne, tatu hivi huingia. Shuti la mita 30 lina uzito wa senti chache. Ukijumlisha mizigo hiyo unapata picha ya nafasi ambazo timu ilizitengeneza, hata kama ubao wa matokeo unasema vingine.

Nilipokipata kipimo hicho nikakipenda kupita kiasi, na aliyenitibu ni Brighton. Msimu ule ule walikuwa wakitengeneza nafasi kama timu ya nusu ya juu ya msimamo huku wakishindwa kuzifunga. Jumatatu ya tarehe 22 Februari waliikaribisha Crystal Palace, wakapiga mashuti 25, Palace wakapiga matatu, na Palace wakashinda 2–1 kwa bao la Christian Benteke katika dakika za nyongeza. Nilikuwa upande wa Brighton. Nilikuwa upande wa Brighton mara nyingi mwaka ule, kwa hoja kwamba hesabu lazima ziwarudie, na wakamaliza nafasi ya 16 wakiwa na pointi 41 na magoli 40 katika mechi 38. Hesabu ziliwarudia kweli: msimu uliofuata walimaliza nafasi ya 9 na pointi 51, na uliofuata tena wakawa wa 6. Kipimo hakikusema uongo. Kilizungumzia muda mrefu, mimi nikakitumia kwa Jumatatu moja, na kampuni ya kubashiri haingoji mtu misimu miwili ndipo imlipe.

Mwalimu alikuwa akinisikiliza kwa subira wakati wote huu, lakini siku moja alilifunga daftari langu la timu akaniomba lile la fedha. Sikuwa nalo. Alicheka mpaka akakohoa. Karani wa ghala, mtu anayeandika kila kilo inayoingia na kutoka, hana hesabu ya madau yake! Nikaanza kuandika tangu Agosti 2021, na hapa nitaeleza jambo ambalo lilinishangaza kuliko takwimu zote za timu.

Chukua mechi yenye odi, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, ya 1.50 kwa mwenyeji, 4.20 kwa sare na 6.50 kwa mgeni. Ukigawa moja kwa kila odi unapata asilimia 66.7, 23.8 na 15.4. Zijumlishe: 105.9. Hakuna mechi yenye uwezekano wa asilimia 105.9, hiyo ziada ya karibu sita ndiyo sehemu ya mwenye duka, imefichwa ndani ya bei kama mawe ndani ya gunia. Ukiiondoa, nafasi ya mwenyeji kwa makadirio ya kampuni yenyewe inakuwa karibu asilimia 63. Ukiweka dau moja moja kwa bei hiyo, kila shilingi 100 hukurudishia wastani wa shilingi 94 na ushee. Si mbaya sana. Kuna watu hapa sokoni hupoteza zaidi ya hapo kwa mizani mibovu.

Sasa fanya mkeka wa mechi saba za namna hiyo, ule ambao kila mtu kibandani huuita "wa uhakika" kwa kuwa timu zote ni kubwa na zote ziko nyumbani. Kwa shilingi 2,000 unaahidiwa 34,172. Uwezekano wa zote saba kupita ni 0.63 ikizidishwa yenyewe mara saba, nayo ni karibu asilimia nne. Kwa lugha ya ghalani, katika mikeka 25 mmoja tu ndio hupita. Umetoa shilingi 50,000, umepata 34,172. Lile jiwe dogo la kila gunia, ukibeba magunia saba kwa pamoja, linazidishwa, na kati ya kila shilingi 100 unarudi na 67. Nilipoiona hesabu hiyo nilielewa kwa nini matangazo ya ukutani husifu mkeka na hayasifu mechi moja.

Msimu ulipoisha, daftari la fedha lilisema nimeweka jumla ya shilingi 1,140,000 na nimerudishiwa 871,000. Kwenye mikeka nilitoa 620,000 nikapata 391,000. Kwenye mechi moja moja, zile nilizozichambua kwa kurasa mbili, tarehe, majeruhi na kila kitu, nilitoa 520,000 nikapata 480,000. Kwa hiyo uchambuzi wangu wote ulinifikisha karibu na pale ambapo mtu angefika kwa kurusha sarafu na kulipia sehemu ya mwenye duka. Nililitafakari hilo kwa siku kadhaa. Takwimu nilizokuwa nikizikusanya usiku kwa taa ya simu, wale wanaopanga odi walikuwa nazo mchana, pamoja na nyingine nisizozijua. Bei ilikuwa imekwisha kuzila. Kujua kwamba timu ni nzuri hakunisaidii kitu ikiwa bei inajua hivyo pia. Swali pekee lililobaki ni kama bei imekosea, na kwa kiasi gani.

Tangu hapo mchakato wangu ni mfupi na unanipotezea dau chache sana. Nitauonyesha kwa mechi moja ya Jumamosi, bila kuzitaja timu, kwa kuwa namba ndizo zenye maana. Katika ligi hiyo wenyeji walikuwa wakifunga wastani wa magoli 1.5 na wageni 1.2. Mwenyeji wangu alifunga 1.8 nyumbani, yaani mara 1.2 ya kawaida. Mgeni aliruhusu 1.8 ugenini, nayo ni mara 1.2 ya kawaida. Zidisha 1.5 kwa 1.2 kwa 1.2, unapata magoli 2.16 ya kutarajia kwa mwenyeji. Kwa mgeni nilipata 0.72 kwa njia hiyo hiyo, kwani ni timu inayofunga kidogo ugenini na mwenyeji haruhusu mengi. Jumla ni 2.88. Kuanzia hapo Mwalimu alinifundisha kanuni ya Poisson, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1837, ambayo baadaye mwaka 1898 mtakwimu Bortkiewicz aliitumia kwa hesabu za askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Nilimwambia kwamba mateke ya farasi na magoli ya mpira havipishani sana, akakubali. Kanuni inasema, kwa wastani wa 2.88, uwezekano wa magoli matatu au zaidi ni karibu asilimia 55, kwa hiyo bei ya haki ni 1.82. Kisha nikaangalia majeruhi, nikaangalia nani ana haja na mechi, sikuona cha kubadilisha namba. Odi iliyokuwa ikitolewa ilikuwa 1.70.

Nilifunga daftari, nikaenda kwa Hajji, nikalipa shilingi 1,000 yangu. Kijana mmoja wa boda boda aliyekaa pembeni yangu aliniuliza nimeweka nini kwenye mechi hiyo, nikamwambia sikuweka, kwani bei ilikuwa ndogo. Dakika ya 70 ubao ulisoma 3–0. Kibanda kilikuwa kinaruka, naye akanigeukia akanipa pole kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kaka, hizo hesabu zako zimekunyima hela," na Hajji mwenyewe, ambaye habashiri, akacheka mlangoni. Nilirudi nyumbani nikaandika matokeo kwenye ukurasa wa timu. Kwenye daftari la fedha, safu ya dau, nikaandika sifuri, na safu ya marejesho nikaandika sifuri nyingine, nikaweka tarehe.